Mazoezini Anafunga, Kwenye Mechi Anakosa: Tutafute Tatizo Lilipo

Walimu wa michezo na makocha wa timu za mtaani hapa Dodoma tuna lalamiko moja linalorudi kila msimu: "Huyu mtoto nimemfundisha, akaweza, nimeona kwa macho yangu. Leo hawezi." Baada ya hapo hufuata hukumu. Mvivu. Hana kipaji. Kichwa kigumu. Hukumu hiyo nimewahi kuitoa mara nyingi, na karibu mara zote nilimwonea mtoto. Alikuwa hajajifunza bado. Aliweza tu, kwa ile nusu saa, mbele yangu.

Kuweza kunaonekana hapo hapo uwanjani. Kujifunza hakuonekani mpaka siku zipite, mtoto alale, aamke, asahau kidogo, kisha arudi na kitu bado kimo mwilini. Makosa mengi tunayoyafanya katika ufundishaji yanatokana na kupima la kwanza tukidhani tumepima la pili. Kwa hiyo kabla hujabadilisha lolote katika mazoezi yako, pata kwanza kipimo.

Kipimo cha kesho kutwa

Chukua daftari la kawaida. Mtoto akija baada ya kupumzika siku mbili, apashe mwili kama kawaida, akimbie, ajinyooshe, lakini asiguse ile stadi unayotaka kuipima. Kisha mpe majaribio kumi na mawili. Mawili ya kwanza usiyahesabu, maana hata mwili wa mzoefu unahitaji kujikumbusha. Kumi yanayobaki yahesabu. Usiseme kitu, usikunje uso, usipige makofi. Andika amepata mangapi, na yaliyokosa yalikwenda wapi: mafupi, marefu, kushoto, kulia. Mwisho wa mazoezi ya siku hiyo mpe kumi mengine, uandike pembeni.

Ukifanya hivyo wiki mbili tatu utakuwa na safu mbili za namba kwa kila mchezaji, moja ya mwanzo wa mazoezi na moja ya mwisho. Zisome pamoja na unachokiona kwenye mechi, kisha tafuta hapa chini dalili inayofanana na ya mtoto wako.

Mwisho wa mazoezi anapata manane, kesho kutwa anaanza na matatu

Hii ndiyo inayotupata wengi, na ndiyo iliyonifundisha kazi.

Nilikuwa na binti anayevaa GS, yaani mfungaji, kwenye timu ya mpira wa pete. Pete iko mita 3.05 juu, haina ubao nyuma, kwa hiyo mpira usiopita sawasawa hausaidiwi na kitu. Nilimsimamisha sehemu moja, hatua mbili kutoka kwenye mlingoti, nikawa namrushia mipira. Mmoja, wa pili, wa kumi. Ikifika thelathini anafunga mfululizo, wenzake wanahesabu kwa sauti, nami narudi nyumbani nimefurahi. Alhamisi anaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika mpira.

Nilichokuwa nampa ni kazi ya kurekebisha, wala haikuwa ya kufunga. Mpira wa kwanza ukiwa mfupi, wa pili anaongeza nguvu kidogo. Wa pili ukizidi, wa tatu anapunguza. Mwili unanakili mpira uliopita na kuusahihisha. Kwenye mechi hakuna mpira uliopita wa kunakili. Anapokea akiwa upande mwingine, mbali zaidi, miguu haijatulia, na inabidi ubongo uupange mtupo wote tangu mwanzo. Kupanga tangu mwanzo ndiko ambako hakuwahi kukufanyia mazoezi hata mara moja katika ile mipira thelathini.

Jambo hili limepimwa vizuri. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, Hall na wenzake, waliwaongezea wachezaji wa besiboli wa chuo mazoezi ya kupiga mpira, siku mbili kwa wiki kwa wiki sita. Kundi moja lilirushiwa aina moja ya mpira mpaka iishe, kisha aina ya pili, kisha ya tatu. Kundi jingine lilirushiwa aina zile zile tatu zikiwa zimechanganywa, mchezaji hajui ipi inakuja. Mwishoni kundi la kwanza lilikuwa limepanda kwa asilimia 25, la mchanganyiko asilimia 57, na wale ambao hawakuongezewa kitu asilimia 6. Idadi ya mipira ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni mpangilio tu.

Utafiti mwingine naupenda zaidi kwa sababu ni wa watoto. Mwaka 1978 Kerr na Booth waliwapa watoto vifuko vya maharage wavirushe kwenye shabaha bila kuiona. Baadhi walifanya mazoezi kwenye umbali mmoja, futi 3. Wengine walifanya kwenye futi 2 na futi 4, hawakugusa 3 kabisa. Walipopimwa wote kwa umbali wa futi 3, waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao hawakuwahi kuufanyia mazoezi umbali huo.

Basi fanya hivi. Ndani ya nusu duara ya kufungia, ambayo ina mita 4.9 kutoka golini, weka alama tano za chokaa na uzipe namba. Mchezaji mwingine ataje namba, mfungaji akimbilie, apokee pasi, atupe, aondoke. Asitupe mara mbili kutoka sehemu moja. Mpira wa miguu ni vivyo hivyo: pasi fupi, kisha krosi, kisha kutuliza mpira wa juu, badala ya dakika ishirini za krosi tupu.

Lakini jiandae, maana hapa ndipo makocha wengi wanaporudi nyuma. Namba za mwisho wa mazoezi zitashuka. Binti wangu alishuka kutoka manane hadi matano, akanuna, na mwalimu mwenzangu akaniuliza kwa nini namharibu mtoto. Wiki ya tatu namba za mwanzo wa mazoezi zilianza kupanda: manne, matano, siku moja sita. Daftari lisingekuwepo ningeshaacha.

Mgeni kabisa wa stadi usimchanganyie siku ya kwanza. Mwache arudie sehemu moja mpaka umbo la mtupo lianze kujitokeza, hata kama hafungi. Umbo likishaonekana, anza kumhamisha.

Kama umeshachanganya na bado safu ya mwanzo haipandi, angalia ratiba. Kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, tunapenda kambi zenye mazoezi ya muda wa saa tatu asubuhi na muda wa saa tatu jioni, tukiamini wingi utafidia siku tulizopoteza. Baddeley na Longman, mwaka 1978, waliwafuatilia watu wa posta nchini Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji saa chache zaidi kwa jumla kufikia kiwango kuliko waliokuwa wakikaa saa nne kwa siku. Na hao hao wa saa moja ndio waliolalamika zaidi, kwa kuwa waliona kazi yao inakwenda polepole. Nusu saa ya kufunga kwa siku nne inashinda saa mbili za Jumamosi.

Tena uliza usingizi. Stadi mpya huendelea kujipanga mtoto akiwa amelala. Kambi ambayo watoto arobaini wanalala chini kwenye madarasa mawili na kupiga soga mpaka saa nane usiku inafuta sehemu ya kazi ya mchana.

Baada ya kila mpira anakugeukia wewe

Usiangalie mpira, angalia shingo yake. Mpira umetoka mikononi, bado uko hewani, na kichwa kimeshaanza kugeuka kwa mwalimu. Hakuona umeangukia wapi. Hakusikia hata mlio wa chuma. Anasubiri aambiwe.

Aliyemfundisha hivyo ni wewe, kwa kusema kila mara. "Mkono! Goti! Hapo sawa. Kiwiko!" Maneno yako yanamsaidia kwa dakika ile, yanamwegemeza, na siku usipokuwepo anaanguka. Winstein na Schmidt walionyesha mwaka 1990 kwamba walioambiwa matokeo yao kwenye nusu ya majaribio walikumbuka vizuri zaidi siku ya pili kuliko walioambiwa kwenye kila jaribio.

Dawa yake inahitaji ukae kimya, na kwa mwalimu si rahisi. Uliza kabla ya kusema.

"Umekwenda wapi huo?"

"Sijaona, mwalimu."

"Haya, tupa tena."

"Fupi, mwalimu. Na kushoto kidogo."

Akishaweza kukujibu hivyo, amepata kocha anayekwenda naye kila mahali. Wewe zungumza baada ya mipira mitano, useme jambo moja, na akikuomba ushauri mwenyewe mpe. Ushauri alioomba unakaa kuliko uliomwagiwa.

Mwili umekakamaa, anatembea kama mlingoti

Kwa mgeni hili si tatizo la kutibu. Nikolai Bernstein, mwanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, alieleza kwamba anayeanza hufunga viungo vyake ili apunguze vitu vya kuongoza kwa wakati mmoja. Bega, kiwiko, kifundo, vidole, nyonga, magoti: akiviachia vyote vinamshinda. Vitalegea vyenyewe kadiri anavyozoea. Kumfokea "legea!" kunaongeza kitu kingine cha kufikiria.

Punguza ugumu: mpira mdogo, umbali mfupi, pete ya chini. Halafu chunguza maneno yako. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwaweka watu kwenye mashine ya kuigiza mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa wafikirie miguu yao walijifunza kidogo kuliko walioambiwa wafikirie magurudumu ya jukwaa lililo chini ya miguu hiyo, ingawa kutoka mguu hadi gurudumu ni padogo sana. Wazo likielekezwa kwenye kazi, mwili unajipanga wenyewe. Likielekezwa kwenye kiungo, kiungo kinaganda.

Kwa hiyo badala ya "nyoosha kiwiko, kunja kifundo", mwambie mpira upande juu halafu udondoke ndani ya pete kama unavyodondosha kitu kwenye ndoo. Kwenye kutuliza mpira mwambie aupokee kama anayepokea yai. Anayeruka mruko mrefu mwambie aisukume ardhi nyuma yake.

Bernstein huyo huyo aliwapima mafundi wa nyundo katika miaka ya 1920. Nyundo ilipiga pale pale kila mara, lakini njia ya mkono ilitofautiana pigo kwa pigo. Ndiyo maana simlazimishi mtoto awe na mtindo wa picha. Nataka mpira uingie, na nimwone anaingiza hata akisukumwa kidogo.

Kipimo cha kesho kutwa ni kizuri, mechi ni mbaya

Hapa kuna vyanzo viwili, na vinatofautishwa kwa saa. Andika dakika alizokosa. Kama anakosa mechi nzima, tangu filimbi ya kwanza, mazoezi yako hayafanani na mechi. Kama anacheza vizuri halafu anakosa pale tu matokeo yanapomtegemea yeye, ni presha.

Tuanze na la kufanana. Koni haisogei. Mvulana anayezipiga chenga koni kumi kwa kasi amejifunza kuziangalia koni, na hajawahi kusoma nyonga ya beki. Weka mtu. Kwenye mpira wa pete mlinzi anasimama mita 0.9 kutoka mguu wa mfungaji na kuinua mikono, na mfungaji ana sekunde tatu tu za kushika mpira. Kama mfungaji wako anatupa mazoezini bila mikono mbele ya uso wake na bila kuhesabiwa, anafanya mazoezi ya mchezo mwingine.

Halafu uwanja. Wengi wetu tunafundishia kwenye vumbi, mpira unadunda unavyotaka, na mtoto anazoea kusubiri mdundo wa pili. Siku akiingia uwanja wa nyasi kama Jamhuri, mpira unateleza chini na kumpita. Hata saa moja kwenye nyasi yoyote kabla ya mashindano inasaidia. Na upepo wetu wa kiangazi, ule wa Julai na Agosti unaopeperusha vumbi kutoka upande mmoja jioni nzima: usiukimbie. Wafanye mazoezi ya kufunga kwenye magoli yote mawili, dakika kumi upepo ukiwa usoni, dakika kumi ukiwa mgongoni, ili mfungaji ajue kuupima mpira na asiishie kuulaumu upepo.

Presha nayo ni jambo jingine. Mchezaji aliyezoea hatupi kwa kufikiria mkono. Nimewatazama akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, wanaimba na kucheka na kuitana, na hakuna anayeangalia mikono yake. Mwambie mmoja wao ahesabu vidole vinavyogusa ngozi na pigo litavurugika. Presha inafanya hivyo hivyo: inamrudisha mzoefu kwenye kusimamia kiungo kimoja kimoja kama mgeni. Beilock na wenzake waliliona hilo mwaka 2002 kwa wachezaji wa mpira wa miguu. Wazoefu waliotakiwa kufuatilia ni upande gani wa mguu unaogusa mpira walipunguza kasi ya kukokota.

Kwa hiyo kumwita mfungaji pembeni kabla ya penalti na kumkumbusha goti, kifua na kisigino ni kumharibia. Mpe kitu kimoja cha kuangalia. Joan Vickers wa Canada alipima macho ya warushaji wa mpira wa kikapu mwaka 1996, akakuta walio bora hutuliza macho mahali pamoja kwenye pete kwa muda mrefu zaidi kabla mkono haujaanza kwenda. Binti wangu alichagua pale pete inapoungana na mlingoti. Anapapata kwa macho, anavuta pumzi, anatupa. Sekunde tatu zinatosha.

Na presha ifanyiwe mazoezi kama kitu kingine chochote. Mwisho wa siku timu nzima isimame kimya, mmoja atupe mpira mmoja. Ukiingia wote wanakwenda nyumbani, ukikosa wanazunguka uwanja mara moja, naye pamoja nao. Kila siku mtu tofauti.

Alikuwa anaweza, ghafla ameharibika

Uliza lini. Kisha angalia suruali ya shule. Kama mwezi wa kwanza ilifika kwenye kiatu na sasa imepanda juu ya kifundo, umepata jibu. Mifupa imerefuka, mahesabu ya zamani hayalingani na mguu mpya, na kijana wa kidato cha pili aliyekuwa mwepesi anajikwaa peke yake. Mweleze wazi kwamba hajapoteza kipaji, maana wengi huacha michezo hapo hapo. Punguza miruko na mbio za ghafla, rudia stadi za msingi polepole. Akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale mfupa unapotokeza, mpumzishe na umpeleke kituo cha afya. Asilazimishwe kukimbia akiwa na maumivu.

Kama hajarefuka, uliza nani kamsahihisha. Mtindo wa zamani ukivunjwa, kiwango hushuka kwanza, na ule wa zamani hujirudisha wenyewe akichoka au akiogopa. Kazi hiyo ni ya baada ya msimu. Wiki mbili kabla ya mashindano mwache na kosa lake analolijua.

Uchovu nao una nafasi yake. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida hapo jirani, alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42 bado hatua yake ilikuwa na umbo la kumfikisha mbele. Stadi ambayo mtoto anayo tayari ifanyie mazoezi na akiwa amechoka, kwa sababu mechi itamdai hivyo. Stadi mpya ifundishe mwanzoni, mwili ukiwa na nguvu.

Safu zote mbili ni mbaya, miezi sasa

Kabla ya kusema hana kipaji, kagua vitu vya bei rahisi. Bonyeza mpira, una upepo wa kutosha? Kiatu ni chake au cha kaka yake? Kisha macho.

Nilikuwa na kipa aliyeshika mipira ya karibu vizuri na kufungwa mashuti ya mbali, yale ambayo mtu ana muda wote wa kuyaona yakija. Nilimpa mazoezi ya kuruka muhula mzima. Siku moja nikamuuliza mwalimu wake wa darasa anakaa wapi. Akaniambia kila wakibadilishiwa nafasi huwa anaomba dawati la mbele kabisa, karibu na ubao. Jioni ile nikamsimamisha golini, nikaenda katikati ya uwanja nimeshika kizibao, nikamwambia asome namba. Akakunja macho, akasogea hatua tatu mbele ya mstari, akauliza, "Ni nane, mwalimu, au ni tatu?" Ilikuwa tano. Wiki iliyofuata mzazi wake alimpeleka kliniki ya macho.